Upime Mkondo Mara Ngapi? Kuchagua Kasi ya Sampuli kwenye Kebo za Umeme

Fizikia, Kidato cha Nne. Mada zinazohusika: Mawimbi, Umeme wa Mkondo, Usumakuumeme.

Ukimaliza somo hili uweze:
(a) kueleza maana ya sampuli, muda kati ya sampuli na kasi ya sampuli;
(b) kukokotoa kasi ya sampuli inayohitajika kwa wimbi lenye masafa uliyopewa;
(c) kueleza jinsi wimbi la uongo linavyotokea;
(d) kuonyesha kwa hesabu kwa nini wastani wa mkondo hautoshi kukadiria joto la kebo;
(e) kuchagua kasi ya sampuli kwa kazi fulani na kutoa sababu.

Mtihani utaujibu kwa Kiingereza. Lakini jambo usilolielewa kwa lugha yako hutaliokoa kwa lugha ya pili. Elewa kwanza hapa, kisha jizoeze kuandika.

1. DAFTARI LISILO NA KOSA

Msimu mmoja wa kahawa, hapa Namswea wilayani Mbinga, niliitwa kuona kebo iliyoungua. Ilitoka kwenye mita kwenda kwenye mota ya mashine ya kumenya kahawa mbivu. Ganda lake la plastiki lilikuwa limeyeyuka kwa urefu wa mkono mzima, na ubao uliokuwa nyuma yake umegeuka mkaa. Mlinzi alisikia harufu usiku, akakimbia kuzima swichi kuu. Ndiyo maana banda lilipona na hakuna aliyeumia.

Mwendesha mashine hakuwa mzembe. Alinifungulia daftari lake. Kila siku saa mbili asubuhi alikuwa akisoma amita na kuandika: ampea 4, 4, 5, 4, 4. Kurasa mbili nzima, siku baada ya siku.

"Mwalimu, niambie kosa langu liko wapi," aliniuliza.

Kwenye namba zake hakukuwa na kosa hata moja. Kosa lilikuwa kwenye saa. Mkulima huchuma kahawa mchana na kuifikisha mashineni jioni. Kahawa mbivu hailazwi, humenywa usiku huohuo. Saa mbili asubuhi mota imezimwa, na umeme unatumiwa na taa pamoja na pampu ndogo ya maji tu. Daftari lilipima taa na pampu kwa uaminifu mkubwa, na mota halikuipima hata mara moja. Kumbe mota ya zamani ilikuwa imebadilishwa na kuwekwa kubwa zaidi, kebo ikaachwa ileile. Na fyuzi ilikuwa imefungwa waya mnene, kwa hiyo haikukata.

Shika swali hili, kwa sababu somo lote ni jibu lake: ukitaka kujua mkondo unavyokwenda ndani ya kebo, upime mara ngapi na wakati gani?

2. MANENO YA MSINGI

Sampuli ni kipimo kimoja kilichochukuliwa kwa wakati mmoja. Mwendesha mashine alipoandika "ampea 4" alichukua sampuli moja.

Muda kati ya sampuli (T) ni muda unaopita kutoka sampuli moja hadi inayofuata. Kwa daftari lile, T = saa 24.

Kasi ya sampuli (f) ni idadi ya sampuli zinazochukuliwa kwa sekunde moja. Uhusiano wake ni uleule uliojifunza kwenye mawimbi:

f = 1 ÷ T

Kifaa kinachochukua sampuli kila milisekunde 5, yaani kila sekunde 0.005, kina kasi ya 1 ÷ 0.005 = sampuli 200 kwa sekunde.

Masafa ya mkondo geu ni idadi ya mizunguko kamili ya mkondo kwa sekunde moja, na hupimwa kwa hezi (Hz). Umeme wa Tanzania una masafa ya 50 Hz. Kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua 1 ÷ 50 = sekunde 0.02, sawa na milisekunde 20.

Usichanganye masafa ya mkondo na kasi ya sampuli. Masafa ni tabia ya umeme wenyewe. Kasi ya sampuli ni uamuzi wako wewe unayepima.

3. WIMBI LA HEZI 50 NA SAMPULI ZAKE

Chukua mkondo geu wa 50 Hz ambao kilele chake ni ampea 20. Ndani ya mzunguko mmoja thamani zake ni hizi:

Milisekunde 0: ampea 0
Milisekunde 5: ampea +20
Milisekunde 10: ampea 0
Milisekunde 15: ampea −20
Milisekunde 20: ampea 0, kisha mzunguko unaanza upya

Sasa wape watu watatu kazi ya kupima mkondo huohuo kwa kasi tofauti.

Mtu wa kwanza anapima kila milisekunde 20 (sampuli 50 kwa sekunde), akianzia milisekunde 5. Anapata 20, 20, 20, 20. Akichora grafu anapata mstari ulionyooka. Atakuambia huu ni mkondo mnyoofu wa ampea 20, kama wa betri.

Mtu wa pili anapima kila milisekunde 10 (sampuli 100 kwa sekunde), akianzia milisekunde 0. Anapata 0, 0, 0, 0. Atakuambia kebo haina umeme. Mwanafunzi, mtu huyu ni wa hatari kuliko wote, kwa sababu anaweza kumruhusu mwenzake aishike.

Mtu wa tatu anapima kila milisekunde 25 (sampuli 40 kwa sekunde), akianzia milisekunde 5. Sampuli zake zinaangukia milisekunde 5, 30, 55, 80 na 105. Toa milisekunde 20 za kila mzunguko uliokamilika, utaona zimeangukia kwenye milisekunde 5, 10, 15, 0 na 5 za wimbi. Anapata 20, 0, −20, 0, 20. Hili linafanana kabisa na wimbi zuri! Lakini kwenye karatasi yake mzunguko mmoja umechukua milisekunde 100, kutoka milisekunde 5 hadi 105. Ataandika kwamba masafa ni 1 ÷ 0.1 = 10 Hz.

Hakuna kati yao aliyesoma vibaya. Vifaa vyao vyote ni vizima. Wote watatu wamepata jibu la uongo kwa sababu moja tu, kasi ya sampuli.

4. WIMBI LA UONGO

Wimbi aliloliona mtu wa tatu halimo ndani ya kebo. Limezaliwa na upimaji wenyewe, ndiyo maana tunaliita wimbi la uongo.

Umeshaliona jambo hili kwenye kibanda cha video. Gari kwenye filamu linakwenda mbele, lakini magurudumu yake yanaonekana kuzunguka polepole, kusimama, au hata kurudi nyuma. Filamu ya sinema huwa na picha 24 kwa sekunde. Kila picha ni sampuli. Gurudumu likimaliza mzunguko mzima kati ya picha na picha, kila picha italikuta palepale, nawe utaliona limesimama.

Kama kasi ya sampuli iko karibu na masafa ya wimbi, masafa ya wimbi la uongo hupatikana hivi:

Masafa ya uongo = tofauti kati ya masafa halisi na kasi ya sampuli

Mtu wa tatu: 50 − 40 = 10 Hz. Inalingana na tulichopata kwa jedwali.
Mtu wa kwanza: 50 − 50 = 0 Hz. Masafa ya sifuri ni mkondo usiobadilika, ndiyo maana aliona mstari ulionyooka.

Zingatia: wimbi la uongo likishaingia kwenye kumbukumbu huwezi kulitoa. Hakuna hesabu ya baadaye itakayokuambia kama ile 10 Hz ilikuwa ya kweli au la. Kinga yake hufanyika kabla ya kupima. Vifaa bora huweka kichujio mbele ya kipimaji, ili kuzuia masafa makubwa kuliko yale ambayo kasi ya sampuli inaweza kuyabeba.

5. KANUNI YA ZAIDI YA MARA MBILI

Mwaka 1928 Harry Nyquist, mhandisi mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Marekani, alichapisha hesabu za mawimbi yanayopita kwenye nyaya za simu za maandishi. Mwaka 1949 Mmarekani Claude Shannon alichapisha uthibitisho wa kanuni ambayo leo hufundishwa kwa majina yao:

Kasi ya sampuli lazima izidi mara mbili ya masafa makubwa kabisa yaliyomo kwenye wimbi.

Angalia neno "izidi". Mtu wa pili alikuwa na sampuli 100 kwa sekunde, mara mbili kamili ya 50 Hz, akapata sifuri tupu. Mara mbili kamili haitoshi.

Angalia pia maneno "masafa makubwa kabisa". Watahiniwa wengi huandika "50 Hz, kwa hiyo zaidi ya sampuli 100" na kuishia hapo. Hilo ni sahihi ikiwa wimbi ni laini kabisa. Kwenye kebo halisi wimbi huwa limepinda. Taa za LED, chaja za simu, televisheni na vifaa vya kubadili mwendo wa mota huvuta mkondo kwa vipande vipande, na wimbi lililopinda huwa na masafa mengine juu ya yale 50 Hz: 150 Hz, 250 Hz, 350 Hz na kuendelea. Haya huitwa hamoniki. Hamoniki ya tatu ni 3 × 50 = 150 Hz, ya tano ni 5 × 50 = 250 Hz.

Mfano 1. Fundi anataka kuona hamoniki hadi ya 13 kwenye kebo ya 50 Hz. Kasi ya sampuli iwe zaidi ya ngapi?

Masafa makubwa kabisa = 13 × 50 = 650 Hz
Mara mbili yake = 2 × 650 = 1,300
Jibu: kasi izidi sampuli 1,300 kwa sekunde.

Kwa kazi halisi mafundi hawasimami ukingoni. Huchukua kasi iliyo juu ya hapo kwa nafasi nzuri, kwa sababu hakuna kichujio kinachokata masafa kwa usafi kama kisu.

6. JOTO LA KEBO: WASTANI UNAPODANGANYA

Sasa turudi kwenye kebo iliyoungua. Joto linalotengenezwa ndani ya waya kwa sekunde moja, kwa wati, ni:

P = I² × R

I ni mkondo na R ni ukinzani wa waya. Mkondo umepandishwa kipeo cha pili. Mkondo ukiongezeka mara 10, joto linaongezeka mara 100. Hapo ndipo wastani wa kawaida unapoingia mtegoni.

Baada ya ajali, kebo mpya ilipofungwa, tulirudi pale na wanafunzi wa Kidato cha Nne. Fundi mwenye leseni ndiye aliyeweka mita ya kukumbatia waya. Wanafunzi walikaa mbali na ubao wa umeme, wakasoma namba na kuandika kila dakika moja, kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku. Waligundua kwamba mashine inakwenda kwa awamu. Kahawa inapimwa na kumiminwa kwa dakika 10, mota ikiwa imezimwa: ampea 4. Kisha inamenywa kwa dakika 5: ampea 40. Kisha mzunguko unaanza upya. Kila mzunguko ni dakika 15.

Mfano 2. Kebo ya zamani iliruhusiwa kubeba ampea 20 mfululizo. Waya wake mmoja una ukinzani wa omu 0.05. Je, ilikuwa salama kwa awamu hizi?

Hatua ya kwanza, wastani wa kawaida:
(10 × 4 + 5 × 40) ÷ 15 = 240 ÷ 15 = ampea 16

Kumi na sita ni chini ya 20. Mtahiniwa mwenye haraka anaandika "salama" na kupoteza alama.

Hatua ya pili, wastani wa vipeo vya pili, kwa sababu joto linafuata I²:
(10 × 4² + 5 × 40²) ÷ 15 = (160 + 8,000) ÷ 15 = 8,160 ÷ 15 = 544
Kipeo cha pili cha 544 kikirudishwa kwenye mzizi wake: √544 = ampea 23.3

Hii ndiyo thamani fanisi, yaani ule mkondo mnyoofu ambao ungetoa joto lilelile. Ampea 23.3 ni zaidi ya 20. Kebo haikuwa salama.

Linganisha joto kwa waya mmoja:
Joto linaloruhusiwa: 20² × 0.05 = wati 20
Joto kwa kutumia wastani wa ampea 16: 16² × 0.05 = wati 12.8
Joto halisi: 544 × 0.05 = wati 27.2

Joto halisi ni zaidi ya mara mbili ya lile la wastani. Na siku ya mavuno makubwa, magunia yanapopanga foleni, mashine haipumziki. Mkondo unakaa kwenye ampea 40 kwa masaa: 40² × 0.05 = wati 80, mara nne ya joto linaloruhusiwa. Plastiki ya kawaida ya kebo, PVC, imetengenezwa kuvumilia nyuzijoto 70 za Selsiasi kwenye waya. Ukiipita hapo usiku baada ya usiku, inalainika, inapasuka, na mwisho inaungua.

Zingatia: hesabu ya wastani wa dakika 15 inakubalika pale kebo inapopata joto polepole. Kebo nene iliyozikwa ardhini huchukua masaa kupata joto lake kamili. Waya mwembamba ulioko hewani huchukua dakika chache tu. Kwa waya huo hata zile dakika 5 za ampea 40 zinatosha kuupandisha joto kupita kiasi.

7. KOSA LILELILE KWA SURA NYINGINE

Baada ya kuelezwa, mwendesha mashine alipendekeza, "Basi nitapima usiku, kila dakika 15."

Jiulize kabla hujaendelea: je, pendekezo hilo ni zuri?

Mashine inarudia awamu zake kila dakika 15. Naye anapima kila dakika 15. Akianza wakati kahawa inamiminwa, atakuta ampea 4 mara zote. Akianza wakati wa kumenya, atakuta ampea 40 mara zote. Huyu ni mtu wa kwanza wa sehemu ya 3, aliyepima wimbi la milisekunde 20 kila milisekunde 20 akaona mstari ulionyooka. Milisekunde zimekuwa dakika, lakini fizikia ni ileile.

Ili kuikamata awamu ya dakika 5 angalau mara moja, muda kati ya sampuli usizidi dakika 5. Ili kujua awamu hiyo ilidumu kwa muda gani, unahitaji sampuli kadhaa ndani yake. Desturi nzuri ni sampuli 5 au zaidi ndani ya tukio fupi kuliko yote unalolitafuta. Dakika 5 ÷ 5 = dakika 1. Ndiyo maana wanafunzi waliandika kila dakika.

Hapa pia elewa jambo linalowachanganya wengi. Mita ya kidijitali ina kasi mbili. Ndani yake inachukua mamia au maelfu ya sampuli kwa sekunde ili kulijua umbo la wimbi na kukokotoa thamani fanisi. Kisha inakuonyesha, au inaweka kwenye kumbukumbu, namba moja kwa muda uliochagua, kwa mfano kila dakika. Kasi ya kwanza inalinda dhidi ya uongo wa wimbi la 50 Hz. Kasi ya pili inalinda dhidi ya uongo wa mashine inayowashwa na kuzimwa. Unazihitaji zote mbili.

8. CHAGUA KWA KUFUATA KAZI

Hakuna kasi moja iliyo bora kwa kila kazi. Anza na swali: jambo la haraka kuliko yote ninalotaka kuliona linachukua muda gani?

Kazi A: kulinda kebo isipate joto kupita kiasi. Joto hubadilika kwa dakika au masaa. Thamani fanisi moja kila dakika inatosha, ikiambatana na kiwango cha juu kilichofikiwa ndani ya dakika hiyo.

Kazi B: kuona mota inavyowaka. Mota ya kawaida ikiunganishwa moja kwa moja huvuta mkondo wa mara 5 hadi 8 ya ule wa kawaida, kwa sekunde chache tu. Kipimo cha kila dakika kitaupita bila kuuona. Unahitaji thamani fanisi kwa kila mzunguko wa umeme, yaani 50 kwa sekunde, kila moja ikitokana na sampuli nyingi za wimbi.

Kazi C: kuchunguza hamoniki. Tumia kanuni ya sehemu ya 5, maelfu ya sampuli kwa sekunde.

Kazi D: kugundua hitilafu na kukata umeme. Mwaka 2018 mkoa wa Ruvuma uliunganishwa na Gridi ya Taifa kwa laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, yenye urefu wa takribani kilomita 250. Kabla ya hapo miji kama Songea na Mbinga ilitegemea zaidi majenereta ya dizeli. Kwenye laini za msongo mkubwa kama hiyo, tawi la mti likigusa waya, hitilafu inatakiwa ikatwe ndani ya mizunguko michache, kabla hata sekunde moja haijaisha. Kiwango kinachotumiwa sana duniani kwa vifaa vya ulinzi vya kidijitali ni sampuli 80 kwa kila mzunguko. Kwa 50 Hz: 80 × 50 = sampuli 4,000 kwa sekunde.

Utauliza: kwa nini basi tusitumie 4,000 kila mahali? Kwa sababu kila sampuli ina gharama.

Mfano 3. Kila sampuli inachukua baiti 2 za kumbukumbu. Linganisha kumbukumbu ya siku moja kwa sampuli 4,000 kwa sekunde na kwa namba moja kila dakika.

Siku moja ina sekunde 86,400.
Kwa 4,000 kwa sekunde: 4,000 × 2 × 86,400 = baiti 691,200,000, takribani megabaiti 691
Kwa moja kila dakika: 1,440 × 2 = baiti 2,880

Kebo moja kwa siku moja ingejaza megabaiti 691, wakati joto la kebo linahitaji baiti 2,880 tu. Ndiyo maana vifaa vya ulinzi hupima haraka muda wote, lakini huhifadhi sampuli zote pale tu hitilafu inapotokea.

9. MAKOSA YA KUEPUKA

(i) Kuandika "mara mbili" badala ya "zaidi ya mara mbili".
(ii) Kutumia 50 Hz wakati swali limetaja hamoniki. Tafuta masafa makubwa kabisa kwanza.
(iii) Kukokotoa joto kwa kutumia wastani wa kawaida wa mkondo. Pandisha kila mkondo kipeo cha pili kwanza, kisha tafuta wastani.
(iv) Kusema "kasi kubwa ni bora daima". Taja kazi, kisha taja gharama.
(v) Kusema mita ya kukumbatia inazungushiwa kebo nzima. Inakumbatia waya mmoja. Ukikumbatia waya wa kwenda na wa kurudi pamoja, uga sumaku wao unafutana na mita inasoma karibu sifuri, ingawa umeme upo.

10. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kifaa kinachukua sampuli kila milisekunde 2. Tafuta kasi yake. Je, kinaweza kuona hamoniki ya tano ya umeme wa 50 Hz?

2. Mkondo wa 50 Hz umepimwa kwa sampuli 49 kwa sekunde. Wimbi la uongo lina masafa gani, na mzunguko wake mmoja unachukua muda gani?

3. Mashine ya kusaga inavuta ampea 30 kwa dakika 4, kisha haivuti kitu kwa dakika 8, na kurudia. (a) Tafuta wastani wa kawaida. (b) Tafuta thamani fanisi. (c) Kebo inaruhusiwa ampea 15 mfululizo. Toa ushauri.

4. Kwa mashine ya swali la 3, mwenye mashine anapima kila dakika 12. Eleza kosa lake na upendekeze muda unaofaa.

5. Mwendesha mashine wa kahawa alipima kila siku saa mbili asubuhi. Mwingine alipima usiku kila dakika, lakini mwezi Februari, kabla ya msimu wa mavuno. Nani ana taarifa ya kutosha kuhusu usalama wa kebo?

MAJIBU

1. f = 1 ÷ 0.002 = sampuli 500 kwa sekunde. Hamoniki ya tano ni 250 Hz, na mara mbili yake ni 500. Kasi ni sawa na mara mbili, haijazidi. Hakiwezi kuiona kwa uhakika.

2. 50 − 49 = 1 Hz. Mzunguko mmoja unachukua sekunde 1.

3. (a) (4 × 30 + 8 × 0) ÷ 12 = ampea 10. (b) (4 × 900 + 0) ÷ 12 = 300; √300 = ampea 17.3. (c) Wastani ni chini ya 15, lakini thamani fanisi imezidi 15, na kebo itapata joto kupita kiasi. Aweke kebo kubwa zaidi pamoja na fyuzi inayolingana nayo.

4. Muda wake unalingana na mzunguko wa mashine, dakika 4 + 8 = 12, hivyo atapata namba ileile kila mara: 30 au sifuri. Tukio fupi ni dakika 4; kwa sampuli 5 ndani yake, 4 ÷ 5 = dakika 0.8. Apime kila sekunde 48 au chini ya hapo; sekunde 30 itafaa.

5. Hakuna. Wa kwanza amekosa saa za kazi, wa pili amekosa msimu wa kazi ingawa kasi yake ni nzuri. Vipimo viwe vya haraka kuliko mabadiliko yanayotafutwa, na vichukuliwe wakati mzigo ni mkubwa kabisa: usiku, msimu wa kahawa, siku foleni ya magunia ni ndefu.